Mwewe wa Shaba Katika Mpunga wa Mama Mdogo

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeshaacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walipata barua za ajira kabla hawajafunga mabegi. Sisi tulipewa vyeti, tukaambiwa tujitafutie. Nilirudi Kyela na shahada ya uhandisi wa mitambo, suruali mbili, na tabia ya kuwaza jambo mpaka likapoteza umbo. Nilikuwa naandika barua ya maombi, naisoma na kuirudia, naona neno "natumaini" linaonyesha unyonge, naichana. Mama aliponichoka alinituma kwa kaka yake, upande wa Ipinda. "Nenda kamsaidie mjomba wako," alisema. "Huko angalau utachoka mwili."

Mjomba alikuwa fundi wa injini za meli bandarini Itungi mpaka alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake. Wengi wao walirudi kwenye kokoa na mpunga, wakaachana na vyuma. Yeye alijenga banda la mabanzi nyuma ya jiko la nyumba yake, akafunga jiliwa la kubania vyuma kwenye gogo, akapanga tupa zake ukutani kuanzia kubwa mpaka ile nyembamba kama kijiti cha kuchokolea meno. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa tena baada ya miaka ya rafu tupu. Watu waliotunza karabai moja kwa miaka mingi, wakiibadilishia utambi na kuombeana vipuri, sasa walinunua taa za betri na kuitupa. Walipoanza kutupa, yeye akaanza kuokota.

Nilipoingia bandani mara ya kwanza sikujua macho niyaweke wapi. Kulikuwa na mamba wa urefu wa mkono, magamba yake ni viungo vya cheni ya baiskeli. Ukimzungusha mkia anafungua kinywa. Kulikuwa na saa ya ukutani isiyo na kioo, utumbo wote nje, iliyoendeshwa na jiwe lililoshuka taratibu kwenye kamba. Ilichelewa nusu saa kila siku. Mjomba aliirekebisha kila asubuhi bila kinyongo, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Kulikuwa na taa ya mezani iliyotengenezwa kwa mabomba ya shaba yaliyopindwa kwa ustadi, na kwenye shingo yake kipimo cha presha cha zamani, mshale umelala kwenye sifuri.

"Mjomba, hicho kinapima nini?"

"Hakipimi."

"Sasa kazi yake?"

"Kinapendeza."

Nililifikiria jibu hilo siku mbili. Chuoni, kitu kisicho na kazi kwenye mchoro kilikuwa kosa, na mwalimu alikizungushia duara jekundu. Lakini kila nilipopita karibu na taa ile nilijikuta nimesimama.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa mwewe. Alikuwa na mabawa mapana kama mlango, manyoya yake yamekatwa moja moja kutoka kwenye vipande vya shaba. Macho yalikuwa vioo viwili vya mita. Chini ya tumbo kulikuwa na mtungi wa shaba wa kuchemshia maji, na chini ya mtungi jiko dogo lililokula pumba za mpunga. Mvuke ulisukuma pistoni iliyotokana na pampu ya baiskeli, pistoni ikazungusha gurudumu la cherehani, gurudumu likavuta cheni, na cheni ikanyanyua mabawa. Juu ya mtungi kulikuwa na kifuniko chenye uzito. Mvuke ulipozidi ulikiinua kifuniko na kutokea kwenye filimbi, na mwewe akapiga ukelele ambao uliwatoa kuku uani. Mjomba alimtengeneza kwa miaka miwili bila kumtarajia afanye lolote zaidi ya kusimama pale na kuruka bila kwenda popote.

Mwewe alipata kazi kwa sababu ya mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa dada wa mwisho wa mama na mjomba, mjane, na watoto wake wote wawili walikuwa wameolewa ng'ambo ya Songwe, Malawi. Mwaka ule mafuriko yalisomba miche yake ya mpunga ikabidi apande upya. Kwa hiyo shamba lake lilichelewa. Wakati majirani wanamaliza kuvuna, mpunga wake ndio kwanza ulikuwa unajaa maziwa, na kila mtu alijua maana yake: kweleakwelea wote wa bonde wangehamia kwake. Kuamia mpunga, yaani kushinda shambani ukifukuza ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame, ni kazi ya miguu na mikono. Yeye alikuwa ameteleza kwenye tuta na kuvunja mkono wa kulia, bado umefungwa. Mpunga ule ulikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Hakuwa na mwingine.

Alikuja kwa mjomba kuomba ushauri, akamkuta anamwashia mwewe moto. Alitazama mabawa yakipiga, akatazama kuku wakikimbilia migombani.

"Kaka," alisema, "huyu ndege wako ana shughuli gani wiki hizi?"

Tulimbeba kwa miti miwili begani, watu wanne, tumemfunika kwa shuka ili umande usimharibu. Njiani mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mpunga alivua kitambaa kichwani akauliza nani amefariki. Mjomba akamjibu kwamba hajafariki, anakwenda kazini. "Basi ndaga," alishukuru yule mwanamke kwa lugha ya kwetu, "maana wanaume wengine wa hapa hata wakibebwa hawaendi."

Tulimweka juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, ambako kwa kawaida mwamiaji hukaa. Siku tano za kwanza zilikuwa za ajabu. Makundi yalikuja kama moshi kutoka upande wa ziwa, yakashuka kuelekea mpunga, mwewe akapiga bawa, na moshi ukapinda ukaenda zake. Watu walitoka Ipinda kuja kutazama. Mama mdogo aliketi kwenye kigoda kando ya shamba, mkono umening'inia kwenye kitambaa, akimtazama kaka yake kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu mzima akimtazama mtu mzima mwenzake. "Ndaga, kaka," alishukuru kila jioni. "Ndaga fijo."

Siku ya sita ukaja ujumbe wa msiba kwa ndugu zetu wa Karonga. Mjomba alilazimika kwenda na kukaa mpaka matanga yaishe. Aliniachia pumba, maji na maelekezo mawili: mtungi usikauke, na kifuniko kisizuiwe kuinuka. "Mengine anajua mwenyewe," alisema.

Nilibaki peke yangu na mtambo, na sikuwa na la kufanya ila kulisha moto na kuwaza.

Nilichokiona mapema, na ambacho kilianza kunikereketa, ni kwamba mwewe alichechemea. Alipiga bawa mara tatu vizuri, akasita, akashtuka kama aliyekanyaga mwiba, akapiga mara moja, akasita tena. Nilichunguza nikaona gia ya baiskeli iliyovuta cheni ilikuwa imekatika meno mawili, na cheni iliruka ilipofika hapo. Filimbi nayo haikuwa na mpango. Ililia mvuke ulipojaa, na mvuke ulijaa kwa kadiri ya pumba, upepo na unyevu. Pengine ililia mara mbili mfululizo, pengine ikanyamaza mpaka nikaingiwa na hofu. Wapita njia walicheka. "Injinia," mmoja aliniita kutoka barabarani, "ndege wa mjomba wako ana kwikwi. Mpe maji."

Niliwaza usiku na mchana. Je, mjomba hakuliona kosa hilo? Kama aliliona, mbona hakulitengeneza? Kama hakuliona, si ndiyo kazi ya mtu mwenye shahada kuliona kwa niaba yake? Mwishoni nilijishawishi kwamba kumsaidia ni heshima. Nilikwenda Ipinda kwa fundi baiskeli, nikapata gia yenye meno yote. Kisha nikachukua spoku, nikaipinda na kuifunga kwenye gurudumu ili kila baada ya mizunguko kumi na miwili ikiinue kifuniko cha mtungi na kuipuliza filimbi.

Kazi ilinichukua kutwa nzima, na mama mdogo alizunguka shamba akipiga debe kwa mkono wake mzima. Jioni niliwasha moto. Mabawa yalipanda na kushuka, yalipanda na kushuka, laini, bila kusita. Filimbi ililia pale pale nilipoitaka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni kitu kufanya nilichokikokotoa.

"Umemnyoosha," alisema mama mdogo. "Hata mjomba wako atashangaa."

Kesho yake ndege walikaa mbali. Siku ya pili walisogea mpaka kwenye matete ya mfereji. Siku ya tatu nilipoamka walikuwa ndani ya shamba, kona yote ya mferejini imefunikwa, masuke yanainama kwa uzito wao, na mwewe juu ya dungu anapiga mabawa yake mazuri kama anawapepea.

Nilianza kutafuta sababu. Labda presha ilikuwa ndogo: nikaongeza pumba. Labda shaba ilifubaa kwa umande na haikung'aa tena: nikaisugua kwa majivu na limau mpaka vidole vikauma. Labda hawa ni ndege wa aina nyingine, wakali zaidi. Nilitoa daftari nikaandika labda tisa. Mama mdogo alikuwa anakimbia kwenye matuta na debe lake, mkono uliofungwa ukipigapiga kifuani, na mimi nilikuwa naandika.

Alirudi akaketi, anahema.

"Mwanangu, acha hicho kitabu. Tazama."

"Natazama, mama mdogo."

"Wananyanyuka kabla hajalia. Siyo baada. Kabla. Akishalia wanatua."

Nilitazama. Mabawa yalipanda na kushuka. Nilihesabu kimoyomoyo. Kwenye kumi na moja kundi lote liliinuka kidogo, kimo cha mtu, kama watu wanaompisha mwenye baiskeli. Filimbi ikalia. Kundi likatua na kuendelea kula.

Sikuweza kumtazama usoni. Aliyewafukuza siku zote zile alikuwa ni mwewe asiyetabirika, na mimi nilikuwa nimewapa ratiba.

Nilizima moto, nikaivua gia. Ile ya zamani nilikuwa nimemwachia fundi wa Ipinda, naye alikuwa ameshaiuza pamoja na vyuma chakavu vingine. Ilinibidi nikate meno ya gia mpya kwa tupa. Nilikata mawili, nikaona cheni hairuki vya kutosha, nikakata la tatu, cheni ikatoka kabisa. Nilikaa chini matopeni na gia mkononi, ndege wanakula nyuma yangu kwa sauti kama ya mvua nyepesi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na wazo lolote. Mama mdogo alipiga debe. Baadaye nilikumbuka kwamba nati ya nyuma ya gurudumu ingeweza kusogezwa ili cheni ikaze. Niliisogeza. Cheni ikashika, ikaruka, ikashika. Spoku niliing'oa nikaitupa kwenye mfereji.

Mchana ule mwewe alichechemea tena, vibaya kuliko kwa mjomba, lakini alichechemea. Filimbi ililia ghafla nikaruka hata mimi. Kundi lilipasuka kutoka kwenye kona na kwenda upande wa ziwa. Jioni halikurudi, wala kesho yake. Siku zilizofuata nililisha moto ovyo kwa makusudi, nikiogopa hata mkono wangu usije ukazoea.

Mjomba alirudi kutoka Karonga akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alisalimia, "Ugonile," akapokea pole zetu za msiba kama nasi tulivyopokea zake, kisha akaenda kusimama mbele ya dungu. Alitazama muda mrefu. Nilimweleza yote, tangu gia mpaka spoku, haraka haraka, na sababu zangu zote.

"Meno matatu?" aliuliza.

"Matatu."

"Mimi yangu yalikuwa mawili."

"Nisamehe, mjomba. Sikujua kwamba ulikusudia."

Alicheka, akanishika bega. "Sikukusudia. Sikuwa na gia nyingine. Ila nilipoona anachechemea vile, nilikaa nikamtazama siku mbili kabla sijamgusa. Nikaona ananipendeza."

Nimekutana na wahandisi wengi tangu wakati ule, na baadhi yao wana majina makubwa. Sijamwona mwingine anayeweza kukaa siku mbili mbele ya kosa lake mwenyewe akiliuliza linataka nini.

Tulivuna wiki tatu baadaye, majirani wakitusaidia. Mpunga ulikuwa mzuri, mzito, na mama mdogo alikuwa ameshafunguliwa mkono, akikata suke baada ya suke kwa kisu kidogo. Nilikuwa nimewaficha majirani jambo moja. Wote walidhani kona ya mferejini iliharibiwa na ndege kabla mwewe hajazoea kazi, na mama mdogo hakuwahi kuwasahihisha. Tulipofika huko nilimwambia mbele ya wote kwamba kona ile ni mimi. Yeye alishika suke moja, akalisugua kiganjani na kupuliza. Hakikubaki kitu.

"Najua ni wewe," alisema. "Nilikuwepo."

"Nitakufidiaje?"

Alitazama mabua matupu, akatazama ng'ombe wake mmoja aliyefungwa kwenye tuta, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinyoosha shingo upande wetu.

"Kata," alisema. "Huyu naye mwaka huu hakuwa amepangiwa chochote."

Nikakata, nikafunga mzigo wa mabua, nikampelekea ng'ombe.