Sifuri za Fundi Cherehani

Mtaa mzima ulimwita Bi Sifuri, naye wala hakununa. Kwa misimu kumi na miwili, korongo walipohamia kinamasini kukimbia baridi ya kwao, alipita kuwahesabu kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake la ushonaji. Alijaza vifungo mfuko wa kushoto. Kila ndege kumi, kifungo kimoja kilihamia wa kulia. Hesabu aliiandika kwenye daftari la vipimo, chini ya viuno na mabega ya wateja. Asipoona ndege, aliandika sifuri kubwa, na watu wakapata la kumtania.

Mwaka huo kikundi cha kutunza kinamasi kiliomba ruzuku ya kuziba mfereji uliokuwa ukinyonya maji. Wangeikosa, kwa kiangazi kimoja tu matete yangekauka na korongo wasingekuwa na pa kutua. Wafadhili walitaka hesabu ya ndege, hivyo daftari likaenda kwa katibu, mume wa dada yake, akalichapa vizuri.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, Bi Sifuri alizipitia zile kurasa kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Shemeji, misimu miwili ya sifuri umeiweka wapi?"

"Nimeiruka. Nani atatoa pesa kwa kinamasi kisicho na ndege? Tunaomba ruzuku, hatuungami dhambi."

Ilimuuma kuona asubuhi zake zimefutwa kama makombo mezani. "Zirudishe."

"Tukikosa, lawama yako."

"Yangu. Zirudishe."

Akazirudisha, akinung'unika.

Mkaguzi, mama mmoja aliyevaa mabuti ya mpira, alizisoma kurasa hadi kwenye sifuri akasimama. "Hapa palitokea nini?"

Katibu akakohoa. Bi Sifuri akamwongoza mgeni hadi mferejini.

"Mfereji huu ulichimbwa na watu waliotaka mashamba. Misimu miwili hakutua hata ndege mmoja. Tukauziba kwa magunia ya mchanga. Sasa fungua ukurasa unaofuata."

Mkaguzi akafungua. Kumi na wanne. Msimu uliofuata, mia na sitini.

"Magunia yameoza, ndiyo maana wanapungua tena. Tukiuziba kwa udongo na mawe, watarudi. Nimeshawaona wakirudi."

"Nimesoma maombi arobaini," mkaguzi alisema. "Kote ndege wamejaa tele. Sasa hizo pesa wanazitakia nini?"



Ruzuku ikatoka, mfereji ukazibwa, maji yakatulia hadi kwenye matete. Asubuhi ya kwanza ya msimu, katibu alikuwa akimsubiri mlangoni mwa duka.

"Wangapi, shemeji?"

"Sifuri."

Akaiandika bila kubisha. Siku nane mfululizo akaandika hivyo hivyo. Siku ya tisa Bi Sifuri alichelewa kufungua, na alipotokea, koti lake lilikuwa wazi kifuani. Vifungo vya mfukoni vilikuwa vimemwishia, ikabidi akate vya koti.