Jino la Kupeleka Polisi

Mlinzi wa mgodi alimpiga Rahima, mtoto wa miaka minane, rungu la mdomo, akiwa mtoni anaosha mawe ya shaba na mama yake. Jino la mbele likakatika nusu, kipande kikazama mtoni. Baba yake, Aruna, dereva wa lori la kwenda Tenke, alimbeba mbio hadi kwa Mama Mujinga, mganga wa meno, akaingia bila hodi.

“Toa ile jino, mama! Mi napeleka ku polisi. Bila kitu mu mukono, batasema mutoto alianguka ye peke yake.”

Hakuwa anabuni. Mdogo wake aliwahi kupigwa na walinzi haohao, akafika kituoni mikono mitupu, wakamcheka.

Lakini Mujinga ni mtu wa Sandoa, hasira zake ziko karibu. Miaka kumi na tisa watu wa mji wa Kolwezi wanamjia kung'olewa meno tu, hadi amechoka kuwa mchinjaji. Leo, katikati ya jino lililokatika, aliona nyama hai, nyekundu. Mzizi ulikuwa bado unakua. Nyama ile ikipona, mzizi utakomaa. Ikifa, jino litabaki ganda la kuvunjika kwa muhogo. Moyo ulimruka kwa furaha.

“Ile jino ingali hai, tata. Haitoke,” alimwambia Aruna.

Alimchoma mtoto sindano ya ganzi, akakata ncha ya nyama iliyochubuka, akabana pamba yenye maji, akingoja damu ikome. Kuona jino linatibiwa badala ya kung'olewa, Aruna alipandwa na wazimu. Alinyakua koleo mezani aling'oe mwenyewe. Mujinga akajitupa juu ya mtoto, na kiwiko cha Aruna kikamvaa mganga mdomoni. Kitu kikavunjika. Mujinga akamrudishia goti la tumbo, mwanamume akaangukia ndoo ya maji machafu. Rahima alipiga mayowe.

Mujinga akatema kiganjani. Ilikuwa nusu ya jino lake mwenyewe.

“Ulitaka jino? Beba hii. Ya mutoto inabaki.”

Akanawa, akabadili glavu na barakoa, akaifunika ile nyama kwa dawa nyeupe na kuziba jino, huku anameza damu yake. Aruna alimshikia taa, analia.

Miezi sita baadaye picha ya eksirei ilionyesha mzizi umerefuka. Rahima anatafuna muhogo. Mujinga hutafunia upande mmoja.

Kile kipande cha jino la Mujinga Aruna bado anacho, kwenye leso, ndani ya lori. Hakukipeleka polisi. Wangemuuliza nani amekivunja.