Nilidhani Bibi ana mapunye

Jamani, leo nimemwambia Bibi ana mapunye, na malipo nimeyapata hapo hapo.

Nipo kwake Kisanga. Asubuhi nikataka kumwosha nywele. Akagoma. Nikang'ang'ania, si mnanijua?

Nikamfungua kanga ya kichwani.

Utosini pana upara wa duara, laini kama kiganja.

Nikapayuka, "Bibi, mapunye haya! Nikuletee dawa?"

Akanishika mkono, akaubana hasa.

"Si mapunye. Wakati wa vijiji vya ujamaa walituleta huku kwa lori. Nyumba yetu kule kijijini Ulaya, si Ulaya ya Wazungu, waliibomoa naona kwa macho. Mwezi haujaisha, nywele zikaanza kutoka mafungu mafungu. Watu wakasema nimerogwa. Mganga akaninyoa, akanichanja, wapi! Ilikuwa huzuni, mjukuu wangu."



Mkono wake ukaniachia, ukapanda kichwani kwangu.

Nikarudi nyuma. Nimechelewa! Kitambaa changu cha kichwani kikadondoka.

Akauona upara wangu. Ninauficha tangu nitoke kwa mume wangu Morogoro. Hapa wote nimewaambia nimekuja likizo.

"Na wewe," akaniuliza polepole, "wamekufanya nini?"

Bado amekaa mlangoni, anasubiri jibu.

Ninyi mngemwambiaje?