Makopo Manne ya Bi Birika

Bi Mkono-wa-Birika, binti wa mponda kokoto aliyezikwa kwa sanda ya kukopa, mjukuu wa mwanamke aliyeuza shamba zima kwa arusi ya siku mbili: huyo ndiye dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Mtaa ulimkata jina ukamwita Bi Birika. Hakuchukia. Alisema birika halimwagi ovyo.

Alikuwa dobi. Akimfulia karani wa benki, alikuta kwenye mfuko wa shati stakabadhi, akamuuliza inasema nini. Yule karani hakuwa na maringo. "Mama," akamwambia, "pesa isiyo na jina haina mwenyewe. Ipe jina kabla hujaigusa."

Dada akaja nyumbani, akatafuta makopo manne ya maziwa, akayaandika kwa mkaa: Chakula, Kodi, Ugonjwa, Bati. Akaapa mbele yangu kwamba kopo halitakopesha kopo. Nilicheka. Sikujua nacheka nini.

Mwaka wa pili kuta za chumba chake cha kwanza zilikuwa zimesimama, bado kuezekwa. Mwanawe, miaka sita, akaukwea ukuta ule ule akaanguka, mguu ukavunjika mara mbili. Kopo la Ugonjwa lilikuwa na nauli tu. La Bati lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

"Dada, chota la Bati," nikamwambia. "Mtoto analia."

"Bati ni bati."

Akampeleka kwa mzee wa kukanda mifupa, malipo yake kuku. Mguu ukaunga upande. Mwezi ule ule chumba kikaezekwa na mpangaji akaingia. Watoto wa mtaani wakamwita mwanawe Robo Tatu, naye mama mtu akisikia husema, "Robo tatu si sifuri."

Sitamsingizia: alijua kujenga. Kodi ya chumba cha kwanza ilijenga cha pili, viwili vikazaa cha tatu, hadi tisa. Akaweka fedha benki kwa muda maalumu, faida ikija haili, anairudisha ikazae tena. Nguo mpya hakununua miaka kumi na minne. Karani aliyemfundisha alistaafu, kiinua mgongo akakitafuna kwa miezi minane, akaja kupanga chumba namba saba. Hakupunguziwa hata senti.

Robo Tatu alikua akawa fundi viatu, akapanga namba nne. Bintiye alilelewa na bibi yake, akasomeshwa uhasibu. Mwaka huu meza ya fundi ilibebwa na mgambo wa jiji, na vifaa vyote. Kodi ikalala miezi mitatu.

Jumamosi iliyopita dada, ambaye sasa figo zinamtupa mkono, alituita chumbani kwake. Fundi akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nivumilie mwezi mmoja tu. Nikipata meza nitalipa yote."

"Mpangaji haniiti mama."

"Haya, mwenye nyumba. Mguu wangu huu ndio ulioezeka chumba chako cha kwanza. Ukate kodi humo."

Nilidhani safari hii jiwe litatoa maji.

"Umepanga miaka kumi na miwili kwa nusu bei," dada akasema. "Ulidhani nimesahau kukupandishia? Mguu umeshalipwa. Stakabadhi hatuandikiani."

Kisha akamgeukia mjukuu, akamwekea mapajani bahasha ya wakili. "Vyumba tisa na fedha ya benki, vyote vimeandikwa kwa jina lako. Kuanzia leo mwenye nyumba ni wewe."

Binti akalia, akambusu mikono. Baba yake naye akatabasamu, maskini, akaegemea mwimo wa mlango kama mtu aliyefika kwake.

"Futa machozi, yataloanisha karatasi," dada akasema. "Na wewe mdogo wangu usinikodolee macho. Sikiliza, mjukuu wangu. Mwalimu wa shule ameshalipia namba nne miezi sita mbele, anahamia Jumatatu. Kazi yako ya kwanza ni hii: kesho kabla ya saa sita mchana, mtoe baba yako humo, ufagie, uniletee ufunguo. Ukishindwa, wakili anajua la kufanya na karatasi hizo."