Akili ya Pili ya Mashine ya Misheni

Mtu wa kwanza kung'olewa jino na kaka yangu Rabson Silwimba nilikuwa mimi. Yeye alikuwa na miaka tisa, mimi saba, tukigombea kipande cha muwa. Baba alipofika hakuuliza nani kaanza. Alituchapa wote wawili kwa mpini wa jembe, mimi nikiwa bado natema damu. Ndivyo nyumba yetu ya kijijini Ruanda ilivyokuwa: Jumapili tunasali, siku nyingine tunachuma kahawa, na katikati ya hapo tunapigana.

Rabson alipokwenda Tunduma, mji wa mpakani, kujifunza ufundi wa kompyuta, ngumi zake zilijulikana kabla ya kazi yake. Alimvunja taya dereva wa lori aliyemwita mwizi. Alimtoa mteja nje, kisha akamtupia printa yake kifuani. Siku moja, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, wanaume wanne walimpiga mpaka mbavu mbili zikavunjika, naye akarudi upande wetu anacheka, meno mekundu. Sitaficha, nilijivunia. Ukiwa na kaka wa aina hiyo, hata sokoni wanakupisha. Ila mbele ya mashine iliyofunguliwa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipuliza vumbi polepole, kama mama anayepoza uji wa mtoto.

Baba, Gibson Silwimba, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tukamzika katikati ya mibuni yake, shamba namba kumi na nne. Mwaka jana, wakati wa kuchuma, jirani yetu Deus Mwazembe akaja na watu sita, akasema shamba lile ni la marehemu baba yake, Josephat. Mdogo wetu Lwitiko hakungoja sentensi iishe. Alimchana Deus bega kwa panga. Mtu mmoja wa Deus akajibu kwa panga vilevile, na vidole viwili vya Lwitiko vikaangukia kwenye majani makavu, juu ya kahawa iliyomwagika. Niliviokota mimi, nikavifunga kwenye ncha ya kanga, nikampigia Rabson simu.

"Njoo na chochote chenye makali!" nilimwambia.

Alikuja na bisibisi.

Nilimtukana mbele ya mama. Yeye akakaa, akanywa maji, akasema, "Rozi, panga limeshazungumza, na bado hatujui shamba ni la nani. Misheni wanajua."

Ni kweli, mashamba yale yaligawiwa na misheni zamani, na orodha yake ilikuwa kwenye kompyuta ya padre wa kigeni aliyekwisha kurudi kwao. Ilikuwa Macintosh ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Baba ndiye aliyekuwa karani wa padre, na humo mlikuwa na orodha aliyoichapa kwa mkono wake: namba kumi na nne, Gibson Silwimba. Nakala yake ilining'inia ukutani kwetu tangu nikiwa mdogo. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Lakini Deus, bega lake likiwa na nyuzi, aliliambia baraza la kata kwamba ile ni nakala ya karani tu. Daftari la kwanza, alilolijaza padre mwenyewe, lilikuwa humohumo kwenye kompyuta, ndani ya programu ya hesabu za kahawa. Programu ile ilitengenezwa kwa kompyuta za aina nyingine, na Macintosh haikuielewa hata kidogo. Kwa hiyo padre alikuwa ameichomekea mashine yake kadi yenye prosesa ya pili, akili ya zile kompyuta nyingine. Boksi likawa moja, akili mbili, na ukibonyeza vitufe viwili unahama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kadi hiyo ilikuwa imeliwa na kutu, na upande wa pili ulikuwa haujafunguka kwa miaka mingi.

"Basi uachwe ulivyo," mama alisema. "Tumeshinda."

Rabson akakataa. "Mama, baba alikuwa mkali, hakuwa mwizi. Nikiufungua upande wa pili, Deus hatakuwa na neno tena maisha yake yote."

Deus naye hakutaka mashine ipelekwe Tunduma, wala diski itolewe, wala flashi ichomekwe. Baraza likafanya kama tunavyofanya kwa ghala la mahindi la marehemu, ndugu wanapokuwa hawaaminiani. Mlango wa ofisi ya misheni ukatiwa kufuli mbili, kila upande ukakaa na ufunguo wake. Kitakachofunguliwa, kifunguliwe macho ya wote yakiwepo. Rabson akakubali bila kujaribu chochote kwanza, na hapo ndipo alipokosea. Fundi gani huyo anawasha kitu mbele ya watu bila kukijaribu?

Kadi nyingine aliipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye skrapu za mama mmoja wa Kizambia. "Mulishani, bamayo," akamsalimu, na kabla hajaitikiwa jamaa mmoja akaidaka ile kadi, anataka kuivunja atoe madini. Rabson alimpiga kichwa cha pua. Aliniambia mwenyewe, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kaka yangu alikuwa hajabadilika.

Jumamosi asubuhi kufuli zote mbili zikafunguliwa. Mwenyekiti wa baraza, Mama Gwalugano, aliamuru mapanga yabaki getini, nayo yakarundikwa hapo kama kuni. Ofisini tuliingia watu kumi na mbili, wengine wakajaa dirishani. Tuliambiwa tusimame hatua tatu nyuma ya fundi. Lwitiko alisimama kulia, mkono wake umefungwa bendeji. Mimi nilisimama kushoto. Karibu na mguu wangu kulikuwa na tofali lililozuia mlango usijifunge.

Rabson akafungua boksi, akaichomoa kadi iliyooza, akaichomeka ya kwake. Akawasha. Kwanza ikaja orodha ya baba: namba kumi na nne, Gibson Silwimba. Mama Gwalugano akaisogelea, akaisoma kwa sauti. Tukapiga vigelegele, mimi nikimwangalia Deus usoni makusudi.

Kisha Rabson akabonyeza vile vitufe viwili. Kioo kikawa cheusi, herufi nyeupe zikaanza kushuka. Akaandika kitu, akangoja, akaandika tena, na hapo mgongo wake ukakakamaa.

"Soma!" Lwitiko alisema.

Hakusoma. Kioo kilikuwa kidogo, naye alikuwa amekiziba kwa mabega. Hakuna mwingine aliyekuwa anaona. Angeweza kusema kadi imeungua. Angeweza kuing'oa. Tungemwamini wote, na Deus asingekuwa na la kufanya. Aligeuka akaniangalia mimi, macho yamejaa maji, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipovunjwa mbavu.

"Rozi, baba alitudanganya," alisema.

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "Namba kumi na nne. Mwenye shamba, marehemu Josephat Mwazembe. Limetunzwa na karani Gibson Silwimba mpaka mtoto Deus atakapofikisha miaka kumi na minane."

Halafu mtu dirishani akapiga kelele, "Kabonyeza vitufe jina likabadilika! Kahongwa!"

Hakuhongwa, na sisi ndugu zake tulijua hakuhongwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lwitiko alimrukia kwa mkono wake mzima, akampiga kisogoni. Binamu zetu wakaingia na kigoda, wakakivunjia mgongoni mwake. Deus alijaribu kuwazuia, wakamkanyaga. Mtu akataka kuivuta mashine aibwage chini, na Rabson akailalia, kifua juu ya boksi, mikono imekumbatia pande zote mbili. Walimpiga mbavu zilezile za zamani. Nilizisikia zikilia. Yule aliyevunja taya la dereva hakuinua hata kidole, na kutopigana kwake kulinitia wazimu. Niliona kaburi la baba, niliona vidole vya Lwitiko kwenye kanga yangu, nikaona kaka ametuuza kwa herufi nyeupe. Nikaokota tofali.

Kushoto kwake nilikuwepo mimi peke yangu.

Damu ilitiririka juu ya kibodi. Mama Gwalugano alipiga yowe watu wakakimbia, kila mmoja akitafuta panga lake getini. Aliyembeba kaka yangu mpaka kwenye pikipiki ni Deus, bega lake limefumuka upya. Mimi nilisimama tu, vumbi jekundu la tofali mikononi.

Mashine haikupata hata mkwaruzo. Baraza liliisoma siku ya pili, na shamba likarudi kwa Deus. Kaburi la baba bado liko pale, Deus hulifyekea majani bila kuombwa. Mama hajamsemesha Rabson mpaka sasa. Damu nzito kuliko maji, wanasema, lakini kwetu iliganda.

Hospitalini nilimuuliza kwa nini hakutupiga, angalau mara moja.

"Mikono ilikuwa na kazi," alinijibu.

Jicho la kushoto halikupona. Anaendelea na ufundi Tunduma, ila namba ndogo za kwenye vipuri hazioni tena, na akikosea moja anaunguza mashine ya mtu. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi napanda gari kutoka Nanyala nilikoolewa, nakaa upande wake wa kushoto, namshikia tochi. Hajawahi kuuliza nani alirusha tofali. Anajua.

"Rozi, hiyo ni tatu au nane?"

Nainama, naifuta kwa kanga, naangalia mara mbili.

"Ni nane, kaka," namwambia, naye anaandika nane.