Bega la Fundi wa Breki

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi ni bega lake la kushoto. Kila alipolitoa gari la mteja kulijaribu, bega hilo lilipanda kidogo na kubaki hapo, kama la mtu anayesubiri kuguswa. Nilidhani ni maumivu. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupanga chumba nyuma ya gereji yake, nikingoja majibu ya kazi, na dirisha langu lilitazama uwanja wake wenye udongo mweusi wa oili. Muda wa kumtazama nilikuwa nao.

Muuza vipuri wa duka la jirani ndiye aliyenieleza. Miaka mingi ya nyundo na injini ilikuwa imemaliza masikio ya Fundi polepole. Ukisimama mbele yake ukasema taratibu, alikusoma midomo na kukujibu, lakini ndani ya gari linalokwenda hakusikia kitu. Basi mkewe akawa masikio yake. Alikaa kiti cha nyuma, mkono juu ya bega la mumewe, na kila chuma kilipogonga huko chini alimgonga kwa kidole, kwa nguvu au kwa upole kulingana na mlio.

"Wateja walikuwa wanacheka," muuza vipuri alisema. "Eti huyu bwana anaendeshwa na mkewe hata garini. Lakini magari yalikuwa yanapona."

Mke huyo alifariki kabla sijahamia. Tangu hapo Fundi alifanya kazi kwa macho peke yake, na wakati wa majaribio hakumruhusu mtu yeyote kukaa kile kiti.

Kisha akaja binti yake, mtoto wao wa pekee, mjamzito wa kukaribia kujifungua. Gari lake lilikuwa linagonga mbele kwenye mashimo na kila alipokanyaga breki. Mumewe alifanya kazi mbali, na tangu mwanzo wa mimba ilikuwa imekubaliwa kwamba siku ikifika baba ataendesha na mama ataingia naye hospitali. Sasa alikuwa amebaki wa kuendesha tu.

Fundi alilala chini ya gari, akaona mpira wa bushi, ule unaozuia vyuma vya mbele visigongane, umepasuka, akabadilisha bushi zote za mbele. Kesho yake binti akarudi.

"Baba, bado linagonga."

"Nimeweka bushi mpya! Zile zilikuwa zimekwisha kabisa."

"Sawa, zilikuwa zimekwisha. Lakini bado linagonga."

"Fundi," muuza vipuri akadakia kutoka mlangoni kwake, "siku hizi unampima mgonjwa kwa kumtazama usoni?"

Fundi aliisoma midomo yake, akatabasamu nusu, kisha akaendelea kupangusa mikono iliyokwisha kutakata.

"Mume wangu anasema nilipeleke kwa fundi mwingine," binti alisema. "Na siku ya hospitali niite teksi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nikae nyuma."

"Hapo ni pa mama yako."

"Najua ni pa mama. Sasa tumweke nani, baba? Niambie, tumweke nani?"

Fundi alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akauegemea mpaka binti alipokaa sawasawa. Binti akaniita: "Msomi, njoo ukae mbele. Nikishindwa, umguse mkono asimame."

Tulipita njia ya mashimo nyuma ya gereji. Mlio niliusikia waziwazi upande wangu: ngo, ngo. Kidole cha binti kiligonga bega la baba yake, na mara ya kwanza kilipogonga, Fundi alifumba macho, akayafumbua haraka. Ndipo akakanyaga breki kidogo sana, bila kulisimamisha gari, tukaendelea kurukaruka mashimoni. Mlio ukakatika, na kidole kikatulia. Akaachia, mlio ukarudi.

"Si bushi," alisema kwa sauti kubwa, akikitazama kioo cha mbele. "Ingekuwa bushi, isingenyamaza kwa breki. Kuna kitu kinacheza kwenye breki zenyewe."

Akaenda mbele akafunga breki: pigo moja la kidole. Akarudi nyuma akafunga: pigo moja tena. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake.

Tulipofika gereji alilipandisha gari kwa jeki, akatoa tairi, akaishika pedi ya breki kwa vidole viwili. Ilicheza mahali pake kama jino bovu. Vibanio vidogo vya chuma vinavyoishika isitikisike havikuwapo. Akafungua upande wa pili. Huko pia havikuwapo.

"Nani alikufungia pedi hizi?" aliuliza kwa hasira.

Binti alisogea mbele yake ili aonekane midomo. "Wewe, baba."

"Mimi? Lini?"

"Wiki ile tuliyomzika mama. Tulikukataza, ukasema mikono yako ikikaa bure itakufa."

Fundi aliketi juu ya tairi lililokuwa limelazwa chini. "Sikumbuki. Sikumbuki hata kulifungua gari lako."

"Lilianza kugonga siku ileile."

"Na ukanyamaza muda wote huu?"

"Ningekwambiaje? Nyumba ilikuwa bado imejaa watu, na wewe ndiyo kwanza ulikuwa umekubali kula."

Hapo ndipo nilipomwona mtu mzima akilia bila kuficha uso, mikono yake yenye grisi ikining'inia asijue aiweke wapi. "Mwanangu, ita teksi," alisema. "Mimi nimekwisha."

"Kwenye teksi siingii," binti alijibu, naye akilia. "Tia vibanio, baba. Halafu twende tukalijaribu tena."

Muuza vipuri alivileta mwenyewe, na safari hii hakutania. Tulipopita tena njia ya mashimo, mkono wa binti ulikaa begani mwa baba yake mwanzo hadi mwisho, umetulia.

Sasa gari la binti limeegeshwa uwanjani likitazama geti, tayari kumfuata nyumbani kwake. Mkunga amesema ni wakati wowote wiki hii. Fundi amekataa kulala chini ya gari la mtu, asije akaitwa akiwa na oili mwilini, na simu ameiweka mfuko wa shati, ikiwa kwenye mtetemo. Jana alimuuliza binti yake, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, mama yake alikuwa amepanga kumwambia mtoto nini akizaliwa. Binti alisema hawakuwahi kulizungumza.

Asubuhi hii ameniita dirishani. "Msomi, hebu nipigie nione kama inatetema."

Nimempigia. Imetetema. Ameikata, ameirudisha mfukoni, na ameketi tena kulitazama geti.