Ndogo Kiasi Gani?

Mwaka 1992 nilikuwa mjane wa miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani katika mtaa wa Muhima. Mpenzi wangu alikuwa makanika huko Gikondo. Tulikubaliana tusilale pamoja mpaka wote wawili tupimwe SIDA, ndivyo tulivyouita ukimwi. Lakini kila wiki alikuwa na sababu: mara gari la mteja, mara homa ya mama yake. Na sisi si mawe. Tukaanza kutumia midomo, tukijiambia huko hakuna hatari.

Jumapili moja, tukiwa mezani, akaniambia mwanamke aliyekuwa naye kabla yangu amezikwa.

"SIDA?"

"Wanasema hivyo."

"Ulijua lini kwamba anaumwa?"

Akaitazama sahani yake. "Tangu mwaka jana."

Siku zile nilikuwa na jino bovu, na fizi ilitoa damu kila nikipiga mswaki. Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa muuza dawa, nikamnong'oneza kama SIDA hupitia mdomoni. Akauliza kwa sauti ya sokoni, "Mdomo upi, dada?" Watu nyuma yangu wakanyamaza wasikie. Akaniuzia dawa ya kusukutua. Sista wa zahanati akaniambia nirudi na mume wangu.

"Mume wangu alikufa, Sista."

"Basi sali."

Nikamwendea daktari mmoja wa Kacyiru, ambaye mkewe nilimshonea nguo.

"Hatari ni ndogo," akasema.

"Ndogo kiasi gani, daktari?"

"Ndogo kuliko ile nyingine."

"Na fizi ikitoka damu?"

"Inaongezeka kidogo."

Ndogo! Kidogo! Mteja akiniambia kiuno chake ni kidogo, nitakataje kitambaa? Lakini angalau yeye hakuona haya. Alinieleza kwamba kupimwa siku ile kusingeniambia kitu. Nisubiri miezi mitatu.

Miezi hiyo ilinichosha kuliko msiba. Mwenzangu alikuja kila jioni na tochi, akafungua mdomo mbele yangu nimtafutie dalili.

"Angalia ulimi. Huu weupe ni nini?"

"Umekunywa maziwa."

"Una hakika?"

"Bado yako kwenye masharubu!"

Kesho yake tena. Hata siku moja hakuuliza juu ya fizi zangu.

Tukapimwa pamoja. Yeye hana, mimi sina. Nje ya mlango akanishika mkono, akicheka. "Umeona? Tumejisumbua bure."

Bure! Nikauchomoa mkono. "Ulijua mwaka mzima, ukaniacha nikuamini. Nenda nyumbani kwako."

"Lakini hatuna ugonjwa!"

"Ndiyo. Nenda."

Alikuja mara mbili kibarazani kwangu kuomba msamaha. Mara ya pili alimleta dada yake amsemee. Dada mtu nikampa kiti na chai, tukazungumza habari za mvua na watoto wake. Kaka mtu nikamwacha amesimama, mpaka akachoka akaenda zake.